Kuacha Kazi si Kuacha Jasho

Ndugu zangu wafanyakazi, umeingia mtindo wa kuacha kazi kimya kimya. Ijumaa mtu yuko kazini anacheka na wenzake, Jumatatu simu imezimwa. Tajiri hafokei hilo sana kama tunavyodhani. Mara nyingi hesabu yamwambia amepata faida.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, aliondoka hivyo baada ya mwaka mzima bila likizo hata siku moja. Tarehe 18 jioni alimwachia mlinzi funguo, akapanda daladala. Nilipomuuliza juu ya ujira wa zile siku 18, aliinama: "Mzee, mimi nilikimbia. Nitadai kwa uso gani?"

Uso upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi popote kwamba aliyeondoka bila kuaga amesamehe jasho lake. Yamtaka mwenye mshahara wa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Asipozifanyia kazi siku hizo, mwajiri aruhusiwa kukata ujira wake kwa kadiri hiyo. Basi. Ujira wa siku alizokwisha kufanya ni wake, na malipo ya likizo asiyokwenda ni yake. Sasa tazameni: likizo ya mwaka nayo ni siku 28! Notisi ya kijana yule na likizo yake zilimezana, na zile siku 18 zikabaki kwa tajiri kama mzigo usio na mwenyewe.

Kiinua mgongo tusidanganyane. Hicho hulipwa aliyeachishwa na mwajiri, si aliyejiondokea. Lakini cheti cha utumishi ni haki ya kila anayeondoka, na mwajiri anayekishika kama rehani hana sheria nyuma yake. Nanyi waajiri, kabla ya kulalamika juu ya utovu wa adabu, jiulizeni: hawa wanaikimbia kazi, au wanakimbia matusi ya kila asubuhi?

Aibu ina gharama nyingine, nayo ni muda. Madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kijana wetu alizinduka mwezi wa tano tangu aondoke. Aliyechelewa aweza kuomba asikilizwe, ila atatakiwa kutoa sababu ya maana, na kuona haya sidhani kama ni mojawapo.

Kwa hiyo andikeni barua, hata kama mmeamua kuondoka kesho. Mistari mitatu yatosha: jina, siku ya mwisho ya kazi, na malipo unayodai. Toa nakala, irudi mkononi mwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikataa kuipokea, itume kwa rejesta ya posta, na ile risiti usiifungie maandazi.