Wasomi Wetu Wananuniana: Ukiuliza Swali Tu, Umeshakuwa Adui

Leo naacha kidogo mambo ya mastaa na nani kaachana na nani. Nina ubuyu wa wasomi, na ubuyu wenyewe mchungu.

Kuna dada mmoja wa huku kwetu Tunduma, jina kapuni, na chuo anachofundisha nacho kapuni. Ni mhadhiri msaidizi. Siku moja idarani kwao kulikuwa na semina, mkubwa mmoja, profesa kabisa, akawasilisha utafiti wake. Dada akanyoosha mkono, akaamkia vizuri, akauliza: "Profesa, hawa watu uliowahoji wanatosha kweli kusemea wilaya nzima?" Basi, hakuongeza neno.

Kuanzia hapo maisha yakabadilika. Chai ya saa nne anakunywa peke yake. Somo alilokuwa anafundisha kapewa mwingine. Habari za vikao anazisikia vikishaisha. Wenzake wa rika lake, wale waliomtumia meseji jioni ile kwamba "umetusemea", asubuhi wakawa wanapita kama hawamjui. Kaitwa mjuaji, kaitwa hana adabu, mwisho ikawa eti katumwa. Jambo moja tu halijafanyika mpaka leo: swali lake halijajibiwa.

Najua kuna mtu atasema, "We umeishia sekondari, ya chuo kikuu yanakuhusu nini?" Yananihusu sana tu. Njoo hapa mpakani uwasikilize wabadilisha fedha na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Wanabishana kutwa nzima, kwacha imepanda, kwacha imeshuka, Simba, Yanga, mpaka mishipa inasimama shingoni. Halafu mmoja anawanunulia wote kahawa. Na mbadilisha fedha akikosea hesabu anaambiwa hapo hapo, hata awe mzee wa kijiwe, maana kosa lake ni hela ya mtu.

Sasa kosa la profesa si hela ya mtu? Utafiti usioulizwa maswali unaweza kuja kuwa ushauri kwa mkulima wa kahawa kule Mbozi. Akipata hasara, profesa hatakuwepo shambani.

Na msiniambie huu ndio utamaduni wa chuo. Mwaka 1970 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Issa Shivji, kijana wa miaka 24 tu, aliandika kwenye jarida la wanafunzi liitwalo Cheche uchambuzi mkali kuhusu matabaka Tanzania. Wakubwa walifanyaje? Walishika kalamu. Uchambuzi ule ulipotoka kama kitabu mwaka 1973, ndani yake kulikuwa na majibu ya walimu waliofundisha palepale: Walter Rodney, John Saul na Tamas Szentes. Hawakukubaliana na kila kitu, lakini walijibu hoja kwa hoja. Kijana yule ndiye baadaye akaja kuwa profesa wa kwanza wa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, mwaka 2008. Rodney mwenyewe alikwenda Makerere akabishana na Ali Mazrui mbele ya watu, wawili ambao kwenye siasa hawakupikika chungu kimoja.

Sisemi zamani ilikuwa peponi. Cheche lenyewe lilipigwa marufuku Novemba 1970, mwaka mmoja tu baada ya kuanza. Ila angalia tofauti. Wakati ule amri ilitoka juu. Kwa huyu dada yetu hakuna serikali iliyopiga simu, hakuna barua ya marufuku. Wenzake wa ofisi ya jirani wamemaliza kazi wenyewe, kwa kununa tu.

Mwalimu Nyerere alishaliona hili mapema. Kijitabu chake Tujisahihishe ni cha mwaka 1962, na humo aliukemea ugonjwa wa kupima jambo kwa kumtazama aliyelisema badala ya kutazama lililosemwa. Aliwaambia wanachama wa TANU. Leo wanaohitaji kukisoma ni watu wenye udaktari.

Wapo wanaouliza maswali ili waonekane tu, hilo nakubali. Kuna mtu anasimama dakika kumi, swali halionekani. Lakini dawa ya swali la kijinga ni jibu zuri, unamaliza na watu wanacheka. Kumnyang'anya mtu somo si jibu. Ukiona hivyo ujue swali lilikuwa na uzito.

Shida ni kwamba hao hao wanaonuna ndio wanaokaa kwenye vikao vya kupandisha watu vyeo. Mhadhiri msaidizi anataka awe mhadhiri, kisha mwandamizi, kisha profesa mshiriki. Ngazi zote hizo kuna mkubwa wa kumpitisha. Kwa hiyo anajifunza kunyamaza. Akishazoea kunyamaza anaingia darasani kufundisha wadogo zetu, nao wanajifunza kumeza madesa na kutapika kwenye mtihani, maana anayebisha anaogopa kudisko. Mkopo wa miaka mitatu, na mtoto anarudi nyumbani hajawahi kumuuliza mtu "kwa nini".

Shikamoo haijawahi kuzuia swali. Unaweza kumwamkia mzee, ukampokea mzigo, na bado ukamwambia, "Baba, hapa naona hesabu haijakaa sawa."

Dada yetu bado yupo kazini. Juzi kaniambia semina nyingine inakuja, hajui kama atanyoosha tena mkono. Mimi nimemwambia anyooshe. Au nimemponza? Wenye ndugu vyuoni, na nyie walimu mnaosoma hapa kimyakimya, mwagikeni hapo chini. Majina wekeni kapuni, hoja leteni.