Bibi wa Musamo na dharau ya wauaji

BARAZA LA NYAMIRAMBO
Na Mwajuma Mukamana

Vijana wetu wa Biryogo wanazijua habari za wanawake wa Ufaransa waliofanya kazi ya siri dhidi ya jeshi la Hitler. Wameziona kwenye filamu: mwanamke wa koti refu, redio iliyofichwa sandukuni, askari anayekagua vitambulisho kwenye kituo cha treni. Wanazisimulia vizuri, na majina ya mitaa ya Paris yanawatoka bila kukwama. Waulize Zura Karuhimbi ni nani. Wachache wanaomjua watakujibu, “Si yule bibi mchawi?”

Huyo huyo. Ndiye ninayetaka kumwandika juma hili.

Karuhimbi alikaa Musamo, wilaya ya Ruhango, kusini mwa Kigali, katika nyumba ya vyumba viwili. Kwao walikuwa waganga wa miti shamba. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, alikuwa tayari bibi kizee. Katika nyumba hiyo na kandokando yake alificha watu zaidi ya 100: Watutsi, Warundi kadhaa, hata Wazungu watatu. Wengine walilala uvunguni mwa kitanda, wengine darini. Walikuwamo watoto wachanga aliowatoa migongoni mwa mama zao waliokwisha uawa.

Wanamgambo wa Interahamwe walifika mlangoni kwake, na si mara moja. Bibi hakuwa na bunduki, wala mume wa kusimama mbele yake, wala pesa za kuwahonga. Alikuwa amejipaka majani yanayowasha. Akawapokea, akawashika, na ngozi zao zikaanza kuwaka. Kisha akatikisa bangili zake na kila kitu kilichoweza kutoa mlio, akawaambia kwamba atakayevuka kizingiti hicho atashukiwa na ghadhabu ya Nyabingi na atakuwa amejichimbia kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Wanaume wenye mapanga, waliokwisha kuua wiki hiyo na waliokuwa wakienda kuua tena, walirudi nyuma huku wakijikuna.

Nikiiwaza nyumba ile, nawaza mambo madogo. Mtoto mchanga hajui kunyamaza, na mtu aliyelala darini kutwa hupaliwa na vumbi akakohoa. Sina shaka kwamba kelele za bangili zilifanya kazi mbili: kuwatisha walio nje na kuwafunika walio ndani. Halafu kuna maji, choo, chungu. Moshi wa mpishi wa watu wengi haufanani na moshi wa kikongwe anayejichemshia viazi, na kijijini majirani huhesabu ndoo zako hata kama hawana nia mbaya. Siku moja ya ujasiri wengi wetu tunaweza kuimudu. Yeye aliishi hivyo kuanzia Aprili, na mauaji yalipokoma mwezi Julai, waliokuwa kwake walikuwa hai. Mwanawe wa kwanza hakupona. Aliuawa katika mauaji hayo hayo.

Nyabingi nalo si jina aliloliokota njiani. Ni mzimu uliotukuzwa kaskazini mwa nchi yetu na Kigezi ya Uganda, na wengi waliosema kwa niaba yake walikuwa wanawake. Mkubwa wao alikuwa Muhumuza, aliyejitambulisha kuwa mjane wa Mwami Rwabugiri. Wajerumani walimkamata mwaka 1908 wakamweka Bukoba. Alipoachiwa akaanza upya, Waingereza wakamkamata mwaka 1911, na hakuondoka Kampala tena mpaka alipokufa mwaka 1945. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ya Uganda ilitunga sheria dhidi ya uchawi, na wafuasi wa Nyabingi walikuwa miongoni mwa waliobanwa nayo. Serikali mbili za Ulaya ziliona haja ya kumfunga mwanamke mmoja na mzimu wake. Karuhimbi alijua kwamba wale vijana mlangoni, hata wale wanaokwenda kanisani kila Jumapili, wamelelewa na bibi zao, na bibi zao walilinong'ona jina hilo.

Hapa ndipo jirani yangu, Hajati mmoja wa mtaa huu, huninyooshea kidole. “Mwanangu, umekosa mtu wa kumsifu mpaka umsifu mtu wa mizimu?” Humjibu kwa heshima, “Hajati, muulize mwenyewe.” Maana Karuhimbi alikwisha kulijibu swali hilo. Alipohojiwa miaka ya baadaye alisema anamwamini Mungu mmoja tu, kwamba yeye si mchawi, na kwamba habari za nguvu za ajabu alizitunga ili zimsaidie kuokoa roho za watu. Alitamka waziwazi kwamba lilikuwa vazi la kazi. Sisi bado tunamwona amelivaa. Alipofariki Desemba 2018, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, magazeti ya nje yalimlilia kwa vichwa vya habari vya uchawi, na ya hapa hayakuwa mbali sana.

Ninachokiona ni hiki. Kazi ya siri ya mwanamke hustawi juu ya dharau ya adui. Adui haoni mtu wa hatari, anaona kikongwe, mtumishi, binti mrembo asiye na akili, mtawa. Hiyo ndiyo pasi yake ya kupitia. Vita vikiisha, dharau ile ile inabaki mahali pake, ila sasa imehamia kwetu tunaoandika, na kile kilichomwokoa kwenye kizuizi cha barabarani ndicho kinachomfuta kitabuni.

Wafaransa wana mfano mzuri sana wa jambo hili. Jeannie Rousseau, aliyezaliwa mwaka 1919, alijua Kijerumani vizuri na akapata kazi ya ukalimani jijini Paris, karibu na maofisa wa Kijerumani. Walipenda kujigamba mbele yake. Naye alifumbua macho, akawaambia wanamtania, silaha kama hizo haziwezekani. Mmoja, kwa kutaka aaminiwe, akamtolea michoro. Taarifa zake kuhusu roketi zilizotengenezwa Peenemünde zilifika London mwaka 1943. Alikamatwa mwaka 1944, akapitia kambi ya Ravensbrück, akatoka hai, na baada ya hapo akanyamaza kwa miaka mingi. Ni mwaka 1998 ndipo alipokubali kumsimulia kwa kirefu mwandishi mmoja wa Kimarekani. Alifariki mwaka 2017, mwaka mmoja tu kabla ya Karuhimbi. Binti wa Paris na kikongwe wa Musamo wasingeelewana hata salamu, lakini wote wawili walimshika adui pale pale: katika hakika yake kwamba mbele yake hakuna mtu.

Na Ufaransa ilipokaa kuhesabu mashujaa wake? Nishani aliyoianzisha Jenerali de Gaulle kwa ajili ya waliopigania ukombozi, Ordre de la Libération, walipewa watu 1,038. Wanawake walikuwa 6. Sitaki kuamini kwamba wanaume waliobaki walikuwa jasiri mara mia kuliko wake zao na dada zao. Nadhani walikuwa na vyeo, na cheo huandikwa.

Sisi tumefanya afadhali, tuseme haki. Karuhimbi alivishwa na Rais mwaka 2006 nishani ya walioyapinga mauaji ya kimbari. Félicité Niyitegeka yumo katika daraja la Imena la mashujaa wa taifa, na jina lake husomwa kila Februari 1. Lakini sikiliza tunavyomsimulia. Tunaeleza kifo chake: kwamba kaka yake, kanali wa jeshi, alimtaka aondoke katika Centre Saint-Pierre ya Gisenyi ajiokoe, naye akamwandikia kwamba ni heri afe na watu 43 aliokuwa nao, kwamba aliuawa pamoja nao Aprili 21, 1994. Yote kweli, na yanatosha kumliza mtu. Kinachorukwa ni siku zilizotangulia, alipokuwa akiwavusha watu mpaka kuingia Zaire. Mpaka hauvukwi kwa sala peke yake. Lazima ujue nani yuko zamu, njia ipi haina kizuizi, nani upande wa Goma atawapokea, na nani kati ya majirani ana ulimi mrefu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtumishi wa kanisa, na aliifanya kazi ambayo angeifanya mwanamume wa jeshi tungempa cheo. Tumemwachia utakatifu, ujuzi tumemnyang'anya.

Hata Aloisea Inyumba, ambaye hakuna asiyemjua mjini hapa, tunamkumbuka kama waziri, seneta na mama aliyezihimiza familia zichukue mayatima majumbani mwao. Kabla ya hayo yote alikuwa kamishna wa fedha wa harakati ya RPF, binti wa miaka ya ishirini aliyesimamia michango ya wakimbizi waliotawanyika duniani wakati wa vita vya 1990 hadi 1994. Mtu mzima anakabidhi akiba yake kwa harakati isiyo na ofisi mtaani wala benki ya kuidai. Nani alimwamini nani, na kwa alama gani? Inyumba alifariki Desemba 6, 2012. Mengi ya hayo aliondoka nayo.

Wapo wanaosema kazi ya siri haina nyaraka, basi tuache. Karuhimbi mwenyewe aliwapa sababu ya kutilia shaka, kwa sababu alikuwa msimuliaji hodari. Alipenda kueleza kwamba mwaka 1959, Watutsi walipoanza kuuawa na kukimbizwa, alichukua shanga za mkufu wa mama mmoja akazifunga katika nywele za mwanawe wa miaka miwili, ili wauaji waliokuwa wakitafuta watoto wa kiume wamwone msichana. Akaongeza kwamba mtoto huyo alikuwa Paul Kagame. Wasomi hukunja uso wakisikia hivyo. Mimi mwisho wa hadithi unanishughulisha kidogo kuliko zile shanga. Anayewaza shanga katika dakika kama ile ana akili ya kazi, na miaka 35 baadaye, kwenye mlango wake wa Musamo, akili hiyo ilionekana tena, safari hii na mashahidi wengi walio hai.

Na nyaraka, kwa kweli, zipo. Mahakama za kijamii za Gacaca, zilizowahukumu washitakiwa wa mauaji hayo, zilifungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zinazokaribia milioni 2, na kumbukumbu zake ni mamilioni ya kurasa. Zilikuwa zikimtafuta muuaji, kwa hiyo shahidi aliyesema “nilikuwa nimefichwa kwa bibi fulani, nikaona kupitia ufa wa ukuta” aliulizwa aliona nini. Yule bibi akapita katika sentensi moja. Niko tayari kubishana na yeyote kwamba humo ndani wamo akina Karuhimbi ambao hatujawahi kuwasikia, kila mmoja na hila yake: aliyejifanya mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza, aliyeuza pombe mbele huku nyuma kumejaa watu, aliyemwita mgeni mtoto wa dada yake. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Rwanda wanaohangaika kutafuta mada ya tasnifu wasiende mbali. Wazisome kesi hizo kwa jicho la mwenye nyumba, wamwache mshitakiwa kando kidogo.

Waanze upesi. Aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1994 amekwisha pita 70, na hao waliofichwa darini wakiwa na akili timamu ndio wanaotuaga kila mwezi.

Kwa upande wangu, msomaji wa Ruhango, Rubavu au kwingineko mwenye jina la mwanamke wa aina hii aniletee hapa gazetini: kijiji chake, alitumia hila gani, na nani aliye hai wa kuthibitisha. Akija na barua ya kumwita mchawi au mtakatifu bila maelezo hayo, nitairudisha.