NYUMBANI MWETU: Kipimo cha Kusikiliza Nyimbo

Mwezi uliopita tulinena habari za maji ya kunywa. Mwezi huu twataka kunena habari za nyimbo zisikilizwazo nyumbani, na vyombo vyake.

Zamani hapakuwa na wimbo pasipo mwimbaji. Wakuria, jirani zetu, wana litungu lao lenye nyuzi nane, na aliyetaka kulisikia alikwenda akaketi pamoja na watu. Kisha zikaja santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Santuri za siku zile zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika, na upande mmoja ulikwisha kwa dakika tatu au zaidi kidogo. Ndipo msikilizaji alipoinuka, akageuza santuri, akabadili sindano, akaitia gramafoni ufunguo. Baadaye, mwaka 1951, utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam. Nayo redio ilikuwa na saa zake, na betri zilitumiwa kwa kuhesabu. Basi kipimo kilikuwa ndani ya chombo chenyewe.

Leo sivyo. Kadi ndogo kama ukucha, ikitiwa katika simu, yachukua nyimbo elfu na zaidi. Na spika hushiba nguvu ya jua mchana, ikalia usiku kucha. Chombo hakichoki. Kwa hiyo kipimo hakina budi kuwa ndani ya mwenye nyumba.

Jambo hili tulijifunza kwa aibu. Tulinunua spika mjini Musoma, tukaifurahia kupita kiasi. Jumapili moja tulipiga nyimbo za kwaya hata saa tano ya usiku, tukidhani kijiji kizima chabarikiwa. Asubuhi mama jirani alikuja, akasimama mlangoni, wala hakutaka kuketi. Akasema, "Mwalimu, nyimbo ni njema. Lakini mtoto wangu alikuwa na homa, hakulala. Nilimtuma kaka yake apige hodi kwako mara mbili, hamkusikia."

Tulikosa neno. Daudi alimpigia Sauli kinubi ili apate nafuu. Sisi tulimnyima mgonjwa usingizi, na aliyetuhitaji akarudi gizani pasipo kujibiwa. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini hodi ile ambayo hatukuisikia yatusumbua hata leo.

Basi twawashauri wenye nyumba wa Musoma, Bunda na Butiama, nasi wenyewe twayashika haya.

Kwanza, sauti isipite kuta za nyumba, na apigaye hodi asikiwe.

Pili, ifikapo saa tatu ya usiku chombo kinyamaze. Penye msiba au mgonjwa karibu, kinyamaze hata mchana.

Tatu, vijana wavaao hedifoni waonywe. Shirika la Afya Duniani lafundisha ya kwamba sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu. Asiye na chombo cha kupimia na atumie kipimo hiki: akiitwa na mtu aliye karibu naye asisikie, sauti imezidi. Sikio lililoharibiwa na kelele ni vigumu kurudi lilivyokuwa.

Nne, kabla ya sala ya jioni chombo kizimwe, na jamaa yote iimbe yenyewe, hata wimbo mmoja. Mtoto asiyefungua kinywa nyumbani ataingiaje katika kwaya kanisani?

Hatusemi ya kwamba vyombo hivi ni vibaya. Spika yetu tungali nayo. Siku hizi twaipiga kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi. Na mama yule akipita jioni hutuomba wimbo aupendao, akaketi.

Mungu azibariki nyumba zenu.