Hakuna Samaki Takataka

Wavuvi wa ndoano wana imani moja iliyoota mizizi duniani kote, na imeota zaidi Marekani Kaskazini: kwamba samaki wa maji baridi wana matabaka. Tabaka la juu ni la besi, wolai na trauti. Hao ndio samaki wa heshima, wanaofuatwa kwa boti za bei mbaya, wanaopigwa picha na kutundikwa ukutani. Tabaka la chini ni la wengine wote, wale wanaokula matopeni, wenye miiba mingi, au wasiorukia chambo kwa hasira. Mvuvi akimnasa mmoja wao husonya, humkata mshipi, na wako wanaomtupa ukingoni aoze.

Naipinga imani hii kwa moyo wangu wote. Ingekuwa suala la ladha, ningenyamaza, kwa kuwa kila mtu na kinywa chake. Lakini imani hii imetia sumu mito na kuvuruga maziwa, na ilipofika Afrika Mashariki ilipita mlango wa mbele, mkononi mwa maofisa wa serikali.

Tuanze Marekani. Katika jimbo la Minnesota, wolai ni kama mfalme. Mwaka 1965 alitangazwa samaki rasmi wa jimbo. Msimu wake unapofunguliwa mwezi Mei, gavana mwenyewe huenda ziwani na ndoano yake, desturi iliyoanza mwaka 1948. Idara ya maliasili huangua vifaranga vyake kwa mamilioni na kuvimwaga katika mamia ya maziwa, yakiwemo ambayo wolai hawezi kuzaliana humo kwa nguvu zake mwenyewe. Sikatai kwamba ni mtamu. Mnofu wake ni mweupe na miiba yake haisumbui. Ninachokataa ni hesabu inayofuata baada ya sifa hizo: kwamba kwa kuwa yeye ni wa thamani, wanaoishi naye hawana thamani.

Katika maji hayohayo yuko samaki mkubwa wa asili aitwaye bafalo mdomo-mpana, anayechuja vijidudu majini kwa matamvua yake. Hafuati chambo, kwa hiyo mvuvi wa ndoano hana habari naye. Kwa miongo mingi sheria ya Minnesota ilimweka katika kundi la samaki wasiofaa, pamoja na kapi aliyeletwa kutoka ng'ambo. Watu walimpiga kwa upinde na mshale usiku, chini ya taa kali, bila kikomo cha idadi, na mizoga mingi ikaishia kwenye mbolea na majaa ya taka. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kupima umri wake kwa kuchunguza vijiwe vya masikioni, na wakamkuta mmoja mwenye miaka 112. Samaki huyo alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akaishi mpaka enzi ya simu za mkononi, na sheria ilimhesabu kuwa uchafu.

Utafiti mwingine, uliofanywa katika Rice Lake ya jimbo hilohilo, ulikuta karibu bafalo wote wa huko wana zaidi ya miaka 50. Hutaga mayai kila mwaka, lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu hakuna kizazi kipya kilichofanikiwa kukua. Ziwa limebaki na wazee watupu, na kwa miongo hiyo yote hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu. Mwaka 2024 ndipo bunge la jimbo lilipobadili sheria na kuanza kuwatenganisha samaki wa asili na kapi wavamizi. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza ya matabaka: usichokithamini hukihesabu, na usichokihesabu hukijui hata kinapokwisha.

Wapenzi wa besi watanijibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Besi amependwa, watasema, kwa kuwa ni mpiganaji. Akinaswa hurukaruka, hutikisa kichwa, humtoa mtu jasho. Basi tuitazame historia. Mwaka 1967 Ray Scott, aliyekuwa wakala wa bima huko Alabama, aliandaa shindano la kuvua besi katika Beaver Lake, Arkansas. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi, na kikafuatiwa na jarida, zawadi za fedha, boti zenye injini za kasi na matangazo ya televisheni. Besi ametembezwa kuliko samaki yeyote wa maji baridi duniani. Nampongeza Scott kwa kazi moja nzuri, kuwahimiza wavuvi kuwarudisha samaki majini wakiwa hai. Lakini sifa iliyojengwa na biashara isiletwe kwetu kama sheria ya maumbile.

Na hoja ya kupigana haina miguu. Kapi akinaswa huvuta mshipi kwa nguvu ambayo besi wengi hawana. Uingereza kuna watu wanaolipa fedha nyingi kukesha kando ya bwawa wakimngoja kapi mmoja mkubwa, na kapi wengine wamepewa hata majina. Katika nchi za Ucheki na Poland, kapi ndiye mlo wa mkesha wa Krismasi. Marekani yenyewe ilimwagiza kwa heshima: mwaka 1877 tume ya serikali ya samaki, chini ya Spencer Baird, ilileta kapi kutoka Ulaya ili wananchi wapate kitoweo, na watu wakaomba wagawiwe. Baadaye wakamgeuka. Samaki ni yuleyule, mapezi yaleyale na nyama ileile. Kilichobadilika ni mwanadamu aliyeshika fimbo. Cheo kinachotegemea upepo wa mitindo hakistahili kuwa msingi wa kuamua nani aishi ziwani na nani afe.

Lakini kimefanywa msingi huo, tena mara nyingi. Septemba 1962, kabla ya bwawa la Flaming Gorge kujazwa, maofisa walimwaga sumu ya rotenoni katika takriban kilomita 700 za Green River na vijito vyake, huko Wyoming na Utah. Nia ilikuwa kuwaua samaki wa asili ili trauti wa kupandikizwa wapate nafasi. Sumu ikavuka mpaka uliokusudiwa na kuingia katika eneo la hifadhi ya taifa. Miongoni mwa wakazi wa mto huo alikuwemo samaki mwindaji ambaye zamani aliweza kufikia urefu wa karibu mita 2, asiyepatikana popote nje ya bonde la mto Colorado. Leo serikali ileile inatumia fedha nyingi kujaribu kumwokoa yeye na jamaa zake.

Huko Guatemala, mwaka 1958 na 1960, besi walipandikizwa katika ziwa Atitlán ili kuvutia watalii wavuvi. Walikula kaa na samaki wadogo waliokuwa chakula cha watu wa kando ya ziwa, na chakula cha kibisi wa Atitlán, ndege asiyeweza kuruka aliyeishi katika ziwa hilo tu. Kibisi huyo ametoweka duniani. Yapo mengine yaliyochangia, kama kupungua kwa matete aliyojengea viota, lakini besi yumo katika mashtaka. Japani nayo ilimpokea besi mwaka 1925, na mwaka 1960 mwanamfalme Akihito alirudi kutoka Chicago na zawadi ya samaki aina ya blugili, ambaye kwa wavuvi wa Marekani ni mchezo wa watoto na wazee. Wote wawili walienea hadi Biwa, ziwa kubwa kuliko yote nchini humo, wakawapunguza mno wenyeji. Mwaka 2007 Akihito, akiwa mfalme na pia mtaalamu wa samaki, alisema hadharani kwamba jambo hilo linamuumiza moyo. Ningependa kusikia maneno kama hayo kutoka kwa idara za uvuvi za kwetu.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lina orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Samaki waliomo ni wanane. Kapi yumo, na wavuvi hufurahi kumwona pale. Lakini besi yumo pia, trauti wa aina mbili wamo, na sangara yumo. Nusu ya wanane hao ni vipenzi vya mvuvi wa starehe. Wakiwa kwao ni viumbe vyema vyenye kazi yao. Waliletewa ubaya na mtu aliyewabeba, na mtu huyo aliwabeba kwa kuwa aliamini samaki anaowakuta huko aendako hawana maana.

Sasa turudi nyumbani. Ziwa Naivasha lilipandikizwa besi mwaka 1929 kwa ajili ya burudani. Kisamaki kidogo cha asili kilichoishi humo kilionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na wataalamu wanamshuku besi. Baadaye, kuanzia mwaka 2001, kapi wakaanza kuonekana ziwani. Kufikia 2010 walikuwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa samaki waliovuliwa. Simtetei kapi: naye ni mgeni, na huchimbua matope na kuyachafua maji. Lakini ndiye aliyejaza nyavu za Naivasha na karai za wachuuzi. Daraja za mvuvi wa starehe hazimsaidii mama anayekaanga samaki kando ya barabara, wala hazikukisaidia kisamaki kile kilichopotea bila kuliliwa na mtu.

Na liko Ziwa Victoria, jeraha letu kubwa. Kabla ya sangara, ziwa lilikuwa la furu. Utafiti wa kati ya 1969 na 1971 ulikuta furu ni takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio kuelekea sakafu ya ziwa. Walikuwa mamia ya aina, wengi wao wasiopatikana kwingineko duniani: wengine wakila konokono, wengine mwani, wengine wadudu, wengine mayai ya wenzao. Maofisa wa kikoloni waliwaona ni vidudu vyenye miiba visivyo na faida. Hoja ikajengwa kwamba aletwe mwindaji mkubwa awageuze furu kuwa nyama ya maana, na wapenzi wa kuvua kwa ndoano nao wakamtamani. Mtaalamu Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja, alionya kwa maandishi mwaka 1960. Hakusikilizwa. Sangara walikuwa wameshaanza kutiwa ziwani miaka ya 1950, na mapema miaka ya 1960 wakatiwa rasmi. Katika miaka ya 1980 wakafurika, na furu katika sehemu kubwa za ziwa wakashuka chini ya asilimia 1. Mamia ya aina zinahofiwa kupotea.

Nitaambiwa: je, viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Entebbe? Je, ajira na fedha za kigeni? Ni kweli, sangara amejenga nyumba na kusomesha watoto, na sitamdharau mtu aliyeishi kwa jasho hilo. Lakini hesabu isomwe yote. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara, kwa mafuta yake, alihitaji kukaangwa au kubanikwa, na kuni zikakatwa. Minofu ikasafiri kwa ndege, na majirani wa kiwanda wakanunua mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Na leo, baada ya makelele yote ya samaki mkubwa, zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaotolewa Ziwa Victoria ni dagaa. Kisamaki cha urefu wa kidole, ambacho hakuna mvuvi wa starehe atakayepiga nacho picha, ndicho kinacholisha ukanda mzima.

Nitaambiwa pia kwamba wavuvi wa ndoano ndio wanaogharimia uhifadhi. Marekani ni kweli: tangu sheria ya mwaka 1950, kodi ya vifaa vya uvuvi hurudi majimboni kutunza samaki. Huo ni mpango mzuri, na nchi zetu zingefaa kuuiga. Lakini fedha hufuata mapenzi ya anayelipa. Jina lenyewe la mfuko huo ni la samaki wa michezo, na bafalo wa miaka 112 alilipwa nini katika miongo yote hiyo? Uhifadhi unaomtunza kipenzi na kumwacha jirani yake afe ni ufugaji.

Nasema na idara za uvuvi za Kenya, Tanzania na Uganda, na vyama vya wavuvi wa ndoano, na wenye hoteli za kando ya maziwa wanaotangaza samaki wa kupigana naye. Asipandikizwe samaki mgeni katika ziwa au mto wowote kwa ajili ya burudani, hata mwekezaji akija na ahadi gani. Kabla ya kutia kifaranga chochote majini, wahesabiwe kwanza wanaoishi humo, hadi wale wa urefu wa kidole, na hesabu hiyo itangazwe. Kila samaki wa asili awe na kikomo cha kuvuliwa, awe ananunuliwa kwa dola au kwa shilingi mia. Na mvuvi anayemnasa samaki asiyemtaka amrudishe hai majini, au amle, au ampe anayemla.

Thamani ya samaki ipimwe kwa maswali matatu: ni mwenyeji wa maji haya? Anafanya kazi gani humo? Nani anamtegemea? Nguvu anazovuta nazo mshipi zinampimia mvuvi raha yake, nayo ni haki yake kuifurahia. Ziwa si la raha yake peke yake, na hatuna ziwa jingine la kujaribia kosa lile mara ya pili.