Nahesabu pumzi jenereta ikizimwa

Dada mwandishi, makala yako imegusa jambo nililolibeba peke yangu miaka mitatu. Mimi ni Mkenya, nauza vipuri vya bodaboda hapa Juba, soko la Konyo Konyo. Mchana kelele hunisaidia. Taabu huanza usiku jenereta ya jirani ikizimwa: naisikia pumzi yangu, naanza kuihesabu, kisha nashindwa kuiachia iende yenyewe. Naogopa nikilala nitasahau kupumua. Kuna miezi ilikuwa mate. Kila funda nalisikia likishuka kooni, hata ugali ukanishinda.

Nilipimwa malaria, taifodi, moyo. Sikukutwa na kitu. Shemeji akasema nimerogwa. Daktari mmoja wa Nairobi ndiye aliyenieleza kwa simu kwamba pumzi huendeshwa na shina la ubongo, uwe macho au umelala, na kwamba ugonjwa wangu ni huko kuichunga. Alinikataza kuvuta pumzi ndefu za kujihakikishia. Niiache isikike, niendelee kupanga minyororo na plagi. Wiki za kwanza zilikuwa mateso matupu. Sasa saa nzima hupita sijaikumbuka.

Lakini hapa mtu aende wapi? Mwaka 2016 Amnesty International iliripoti kwamba Sudan Kusini nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili. Andika tena, tafadhali, na safari hiyo utaje kupepesa macho. Mpangaji mwenzangu anahangaika nako, na anadhani ni yeye tu duniani.