Mita 60 za Mto Themi

Shuka kutoka Mnara wa Saa wa Arusha kuelekea Mto Themi saa saba mchana, uone bustani ya mji inavyotumika, maana inavyochorwa ni habari nyingine. Kijana wa bodaboda amejilaza juu ya pikipiki, kofia usoni. Makarani wawili wanagombea kivuli huku sahani za makande zikiwa mapajani. Mama lishe anaosha vyombo kwenye beseni, kisha anayamwaga yale maji ya mafuta na sabuni kwenye mizizi ya mti, hatua chache tu kutoka mtoni.

Kwa beseni lile, mkutano wa mtaa unaweza kuvunjika. Wengine watasema hawa ndio wanaoharibu, waondolewe, pazungushiwe uzio, pawekwe geti na kiingilio. Wengine watajibu kwamba wakiondoka hao, atakayehamia ni mwenye fedha na ramani ya ghorofa mkononi.

Wapo pia wanaoshangaa tunagombania nini. Arusha si ya kijani? Mlima Meru si huo hapo, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha si ipo tangu 1960? Ipo, ila mzazi wa Unga Limited hapandi gari hadi Ngurdoto na kulipia geti ili mtoto akacheze mpira jioni. Na nyasi zilizotunzwa vizuri katikati ya mji ni za uwanja wa gofu wa Gymkhana, wenye wanachama wake. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji likiwa na watu wapatao 416,000. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 617,000. Maeneo ya wazi hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na sasa uwanja wa AFCON 2027 unaojengwa Olmoti umewazidishia watu hamu ya viwanja.

Wa uzio nawaelewa. Nairobi, Karura ina uzio na kiingilio, na msitu umesimama. Lakini Karura ni takriban hekta 1,000, nasi tunazungumzia ukanda mwembamba wa kando ya mto. Ukiuzungushia uzio umebaki na ua wa nyumba. Tena Karura haikuokolewa na uzio. Iliokolewa na watu walioingia msituni na miche, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akiwa mbele, kama alivyosimama 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park.

Sheria yetu ya mazingira ya 2004 ina neno ambalo wengi hulipita haraka. Ndani ya mita 60 kutoka mtoni inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira. Za kudumu! Meza inayokunjwa jioni si ya kudumu. Adui ni saruji, nayo huingia taratibu: leo mwavuli, mwezi ujao banda la mabati, mwakani fremu tatu za maduka zenye mlango wa chuma, na mwenye fremu hizo ana karatasi yenye muhuri. Nani atamtoa?

Kwenye bustani ya Forodhani, Unguja, iliyokarabatiwa 2009, meza za pweza na mishikaki hupangwa jua likizama, usiku zikaondolewa. Asubuhi bustani ni ya watoto na wazee. Kwa Themi ningeomba kanuni hiyo moja: kisichoweza kubebwa na watu wawili kisiingie. Na wapishi waachwe, kwa sababu mwenye kula yake pale ndiye atakayepiga kelele lori la kokoto likishusha mzigo usiku.

Ila hiyo sheria ina nusu ya pili, na mafuta ya beseni yamo ndani yake. Anayetetea wapishi bila kuligusa beseni anawachongea. Shimo la maji machafu mbali na mto, na zamu ya kulisafisha, ni mambo ambayo wapishi wenyewe wanaweza kuyapanga, mradi waulizwe.

Ni vigumu kuwauliza mkutano ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, mama akiwa jikoni na sufuria ndiyo kwanza inachemka. Wanaobaki kuamua ni wenye nafasi, ambao chakula cha mchana wanakula kwao. Uitwe saa kumi jioni, palepale mtoni, vyombo vikishaoshwa, na ajenda ya kwanza iwe yale maji ya beseni.