Eti hana cha kuandika?

Hoja yenyewe: mwanafunzi wa kidato cha nne asiandike wasifu wa kazi mpaka apate cheti, kwani hana uzoefu. Hana? Hapa Paje, Zanzibar, ambako mwani unalimwa tangu 1989? Msichana anayejua bamvua linaingia lini, anayepiga vigingi, akafunga mbegu kwenye kamba, akaanika, akapima na kumwandikia mama yake kilo katika daftari, ameshafanya kazi. Aandike hivyo hivyo: kazi, miaka, kilo. Huko si kujikweza. Kujikweza ni kunakili wasifu wa kaka, "mchapakazi, mwenye kujituma", bila tendo hata moja. Na hicho cheti? Mtihani Novemba, matokeo mwakani. Akae barazani miezi yote hiyo, na hoteli za kuomba kazi ziko hatua chache?